Nyimbo Kumi na Tatu Kufika Lusail

Miaka ile Lusail, mji mpya unaojengwa nje ya Doha, ilikuwa vumbi lenye majina ya mitaa. Mabango yamesimama, taa za barabarani zinawaka mchana kutwa, njia ya tramu imeshachimbwa, ila watu wa kuishi huko walikuwa bado hawajaletwa. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka huko injinia mmoja kila asubuhi na kumrudisha jioni, siku sita kwa wiki, kwa gari jeupe la kampuni lililokuwa limechoka kabla hatujajuana.

Injinia alikuwa Mbaski. Siku ya kwanza nilimwuliza kama ni Mhispania, kumbe nimemgusa pabaya. Alinieleza kwa dakika ishirini: milima yao, lugha yao isiyo na ndugu duniani, bahari yao yenye baridi. Alipomaliza akanyamaza, na ukimya ule ukachukua karibu mwaka mzima. Asubuhi alinijulia hali, jioni akasema asante, vyote kwa Kiingereza, na katikati yake alitazama dirishani. Sikulalamika. Mimi ni mtu wa Tanga, kwetu maneno hayakosekani, lakini hasira zangu ziko karibu na kuongea na mabosi kumewahi kuniponza. Kwa hiyo nilimpenda kwa kunyamaza kwake.

Ndipo kilipokuja kifurushi.

Kilipitia ofisini kwetu, nikaambiwa nimpelekee. Alikifungua akiwa kiti cha nyuma, namwona kwenye kioo. Ndani kulikuwa na CD, ingawa zama za CD zilikuwa zinakwisha na vijana wote walishahamia kwenye simu. Akalitazama kasha muda mrefu, akalifungua, akasoma karatasi ya ndani, akalifunga. Tulipofika saiti aliliweka kwenye kiti cha mbele, akasema, "Tafadhali, litupe."

Nilipobaki peke yangu nikalichukua nikaliangalia. Juu yake kulikuwa na picha ya vijana watano, wasichana watatu na wavulana wawili, wamevaa mabuti ya mpira na wamejibana wote ndani ya sinki la kuogea, na sinki lenyewe liko katikati ya malisho. Ng'ombe mmoja anawatazama. Msichana wa katikati alikuwa na kodiani ndogo kifuani, ile ya kuvuta na kusukuma, na alikuwa na pua ya Injinia. Pua ile ile, haina mjadala.

Sasa mimi kitu ambacho mtoto amemtumia mzazi wake siwezi kukitupa. Sikulelewa hivyo. Hata uji ukiungua, unauonja kwanza ndipo unaumwaga. Nikasema ngoja nionje. Nikaisukuma CD kwenye redio ya gari, ikaingia vizuri, tena kwa hamu, na haikutoka tena mpaka gari lilipouzwa.

Muziki wenyewe ulinikera. Kodiani inakimbia, ngoma na gitaa la umeme vinagombana nyuma yake, tari linatikiswa bila huruma, halafu kuna pembe, pembe ya ng'ombe kabisa, inayolia kwa sauti ya mbuzi aliyekataa kuchinjwa. Juu ya hayo yote watoto wale wanapiga kelele kwa pamoja, kwa furaha au kwa hasira, sikuweza kujua. Nilikuwa wimbo wa tatu, nimeshatosheka, nahangaika na vitufe. Cha kutoa CD hakikujibu. Cha kuruka wimbo na cha kurudi kwenye stesheni vikazama ndani moja kwa moja. Cha sauti kikanibakia mkononi, na sauti ikabaki juu kule kule ilikokuwa. Injinia akatoka mkutanoni mapema kuliko nilivyotarajia, akafungua mlango, akasimama hapo hapo.

"Itoe," alisema.

"Haitoki, bosi."

"Basi zima."

Nikazima. Hapa lazima niueleze ugonjwa wa gari lile, la sivyo utadhani sisi wawili hatukuwa na akili. Mwaka uliotangulia kiyoyozi kilikufa, na fundi wa gereji, akitaka kumaliza haraka, alikiunganisha na waya wa redio. Ukiwasha redio, baridi inakuja. Ukizima redio, baridi inakwenda. Haikuwahi kutusumbua, maana tulikuwa tunasikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya chini.

Ilikuwa Agosti. Aliyewahi kukaa Doha anaijua Agosti yake. Ambaye hajawahi, afungue oveni aingize kichwa. Tulikwenda kilomita moja tukiwa tumezima. Kwenye kioo nikamwona Injinia shati limemganda na uso umeiva. Kilomita ya pili akasema kwa sauti ndogo, "Washa."

Wimbo wa tatu ukaendelea pale pale ulipokatika. Hiyo nayo ilikuwa tabia ya redio ile: ukiizima, inakusubiri.

Nilikwenda kwa mudiri, yaani meneja, wa magari nikamweleza. Akaja, akaingiza kichwa, akasikiliza kidogo.

"Gari linatembea?" akauliza.

"Linatembea."

"Kiyoyozi kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Halas. Mkataba wa gari unaisha Desemba."

Gereji nao walisema kuitoa CD ni kung'oa dashibodi nzima, wiki mbili, na gari la akiba halikuwepo. Basi mpaka Desemba tungekuwa watu saba garini, mimi na Injinia na wale watano wa kwenye sinki.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipoanza kutembea. Tulikuwa barabara ya pembeni, karibu tunaingia Lusail, wimbo wa sita umekwisha. "Simama," akasema. Nikadhani amebanwa na haja. Akashuka, akafunga mlango, akaanza kwenda kwa miguu. Tai shingoni, mkoba mkononi, saa mbili asubuhi na jua tayari ni la kuua mtu. Nifanye nini? Siwezi kumwacha bosi jangwani, wala siwezi kumshika mkono nimrudishe. Nikawasha taa za hatari nikamfuata polepole, na muziki unaninguruma mimi peke yangu. Kila hatua kadhaa alitazama saa yake. Mara akasimama, akafungua mlango, akaingia, akajifuta jasho. Wimbo wa nane ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Kila wimbo wa sita ukiisha, "Simama," na Injinia chini. Kwenye karatasi ya kasha niliona urefu wa kila wimbo umeandikwa, na wa saba ulikuwa dakika tatu na sekunde arobaini. Ndizo alizokuwa akizipima kwenye saa.

Kuzima kusingesaidia, kwa sababu wimbo ungetusubiri. Kuruka haiwezekani. Alijaribu pamba masikioni, lakini kodiani haisimamishwi na pamba. Njia pekee ya kuuvuka wimbo wa saba ilikuwa kuuacha upigwe na yeye asiwepo. Mimi nikaanza kufika kwake mapema ili niumalize mwenyewe nje ya jengo lake, nikiona nimefanya jambo la maana. Lakini album nzima ilikuwa nyimbo kumi na moja, dakika thelathini na nane, na safari, kwa diversheni za siku zile, ilikuwa dakika arobaini na tano. Wimbo wa saba ulirudi tu. Siku moja niliyokosea mahesabu ulitupata mara mbili, na alitembea mara mbili, mara ya pili mbele ya geti la saiti huku vibarua wote wanamtazama.

Nilizoea mpaka nikaacha kuhesabu kwa kilomita. Madereva wenzangu wakiniuliza kutoka mjini hadi Lusail ni mbali kiasi gani, niliwajibu nyimbo kumi na tatu.

Mimi nilikaa mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na wenzangu watano, wote wa kutoka kwetu Afrika Mashariki. Wawili kati yao wanahusika hapa. Mmoja alikuwa Mkenya wa Kakamega, mlinzi wa jengo na mwimba besi kwenye kwaya yao ya Ijumaa. Mwingine alikuwa Mzanzibari, mpishi wa hoteli, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata akienda kununua kitunguu. Mwishoni mwa Agosti kiyoyozi cha chumba kiliharibika, na mwenye nyumba akasema fundi anakuja, maana yake hakuna fundi. Tukashuka wote sita tukajibana kwenye gari langu hapo nje kupata baridi. Na baridi, kama nilivyosema, ilikuwa inakuja na wale watoto.

Siku nne tulikaa garini kila mmoja alipotoka kazini. Kasha lilipita mkono kwa mkono.

"Hawa watoto wamekosa nini kwao hata wakenda kukoga kondeni?" Mpishi aliuliza.

"Wachana na watoto, buda," Mkenya akamwambia. "Cheki hiyo ng'ombe. Hiyo ni gredi. Hiyo inatoa maziwa si ya mchezo."

Siku ya pili Mkenya alikuwa ameshaweka besi kwenye nyimbo tatu. Siku ya nne wote tulikuwa tunaimba wa saba, kwa sababu ndio uliokuwa mtamu kuliko zote: unaenda mbio, unapanda, mwisho wanapokezana kelele mpaka huwezi kutulia kitini. Maneno tuliyashika kwa masikio bila kujua yanasema nini, namna ile ile tulivyoshikishwa mengi chuoni kwa maalimu tukiwa wadogo. Mpishi alitoa hukumu kwamba huo ni wimbo wa harusi, hauwezi kuwa kitu kingine. Basi mwanakwaya mmoja mwenzake yule Mkenya alipooa, tuliuimba ukumbini, kwaya nzima nyuma yetu, na bibi harusi akapigiwa vigelegele. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha, na sasa naeleza ilivyokuja kuniumbua.

Wiki iliyofuata polisi wa barabarani alitusimamisha. Aliona gari linatambaa kwa taa za hatari nyuma ya mzungu mwenye tai, akaona kuna jambo. Akamwita Injinia, akampeleka nyuma kwenye kivuli cha gari lake la polisi, akanijia mimi.

"Kwa nini anatembea?"

Nikamwambia ukweli. "Mkubwa, kuna wimbo hataki kuusikia."

Polisi aliingiza kichwa dirishani. Akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa polepole. Akamtazama Injinia kwa huruma ya kweli, akamnunulia maji kwa muuzaji aliyekuwa hapo karibu, akasema, "Yalla, nendeni," na alisubiri wa nane uanze ndipo akatuachia.

Nadhani ile huruma ndiyo iliyomfungua mdomo. Tulipoondoka, Injinia alizungumza, mara ya pili tangu nimjue. Akasema anayepiga kodiani ni binti yake. Aliacha uinjinia mwaka wa mwisho akaenda kupiga kelele na wenzake. Lakini hilo, alisema, alishalimeza. Mkewe alikufa miaka miwili nyuma, ghafla, yeye akiwa hapa Lusail anapima udongo. Alipofika kwao aliwakuta watu wanarudi kutoka makaburini, na binti yake alimpita mlangoni bila kumsemesha. Tangu hapo wanaandikiana tu. Wimbo wa saba unaitwa kwa jina la mama yake. Ndani ya kifurushi kulikuwa na kikaratasi: yote ambayo sikukwambia nimeyaimba humo, usikilize ndipo uje nyumbani, kama hujausikiliza, usije.

"Na likizo yako?" nikauliza.

"Baada ya wiki mbili."

"Utausikiliza?"

Akatazama dirishani. Nikajua nimeshajibiwa.

Nilirudi chumbani siku hiyo nimefura, sijui nimemkasirikia nani. Nikawaambia. Mpishi aliiweka sufuria chini.

"Astaghfirullah. Na sisi tumeupigia makofi harusini!"

"Sasa ubaya iko wapi?" Mkenya akasema. "Kwetu mzee akienda, ngoma ya isukuti inapigwa mpaka ardhi inatingika. Watu wanaruka. Si ati wamefurahi. Wanamsindikiza tu. Huyo msichana anajua kazi yake."

Mpishi alikuwa ananitazama mimi. "Bwana, mtu huyu kafiwa na mke. Nani hapa kampa pole?"

"Sikujua kama amefiwa."

"Sasa umejua."

Ilinichoma, kwa sababu hapo ndipo aibu yenyewe ilipokuwa. Mimi mama yangu nimemzika kwa simu. Nilikuwa kwenye maegesho ya supamaketi, ndugu yangu amenishikia simu juu ya kaburi ili nisikie udongo, na saa nane nilikuwa nimerudi kwenye usukani. Lakini jioni ile nilipofika chumbani mkeka ulikuwa umetandikwa. Mpishi alisoma, wengine wakaitikia, na Mkenya, Mkristo wa watu, aliosha vikombe vyote bila kuambiwa. Kila mmoja alinipa mkono. Watu wasingekuja, sijui ningekuwaje. Na huyu alikaa peke yake ghorofani miaka miwili akitazama dirishani, na mimi niliyempakia kila siku nilimpenda kwa kunyamaza kwake.

Siku tatu kabla ya safari yake, Injinia akaniuliza garini, "Lile kasha, ulilitupa?"

"Ninalo."

"Nitalihitaji. Nitamwonyesha halina kitu, nimwambie CD iko kwenye gari, naisikiliza kila siku."

"Atakuuliza kuhusu wa saba."

"Nitasema nimeusikia."

Nikamwambia kitu ambacho dereva hamwambii bosi wake. "Atajua unamdanganya."

"Najua," akasema. "Simama." Wimbo wa sita ulikuwa umekwisha.

Sasa, kwetu, jirani akikuletea chakula kwenye sahani, sahani yake hairudi tupu. Unatia chochote, maandazi mawili, sukari kidogo, ndimu tatu za mtini kwako. Unaifunika kwa kitambaa safi, unaikabidhi kwa mikono miwili, na hutaji kilichomo. Kutaja ni kujisifu. Jirani atafunua mwenyewe akiwa kwake. Mama yangu alikuwa tayari kukuchapa kwa kurudisha bakuli tupu, na zaidi kwa kusema "tumekuletea hiki na hiki". Kwa hiyo nilipolichukua kasha lile chini ya kitanda, jepesi, halina kitu ndani, mkono ulikataa. Kasha la mtoto wa watu liende kwao tupu, kwenye msiba?

Nikawaita wenzangu. Hatukujadili sana. Siku ya Ijumaa, mchana, tulifunga mlango wa chumba na Mkenya akaiweka simu yake juu ya friji irekodi. Kwanza kila mmoja alitoa pole, mmoja mmoja, Kiswahili au lugha ya kwao, mimi nikawa wa mwisho. Halafu tukaimba wimbo wa saba. Ndoo mbili zilikuwa ngoma. Mchele ndani ya chupa ya maji ukawa tari. Kodiani aliipiga Mpishi kwa kitana na karatasi, amevaa kanzu yake, na pembe ya ng'ombe aliipiga Mkenya kwa kipande cha bomba la bafuni. Vigelegele vilikuwa juu ya Mpishi pia, kwa vile hatukuwa na mwanamke, na naomba Mungu anisamehe nilivyocheka katikati ya rambirambi. Mwenye duka la picha za pasipoti pale chini alituwekea kwenye CD. Aliuliza aandike nini juu yake, nikamwambia andika saba.

Uwanja wa ndege nilimpa Injinia kasha kwa mikono miwili, limefungwa kwenye kitambaa cha jikoni kilichofuliwa. Alikitazama kitambaa kwa mshangao, akashukuru, akalitia mkobani bila kufungua. Sikusema kilichomo. Nilifanya kama nilivyofundishwa, na nikasahau alichoniambia garini, kwamba yeye anajua fika halina kitu, na anakwenda kumfungulia binti yake mbele ya macho ili kuuthibitisha uongo wake. Hilo nililiona nikiwa barabarani narudi, wimbo wa pili unapigwa, na nikapita taa nyekundu kwa woga.

Wiki tatu sikulala vizuri. Nilijihesabu nimefukuzwa. Mpishi alinipa moyo kwamba kwa vyovyote kitambaa kilikuwa safi.

Dereva mwingine ndiye aliyempokea aliporudi, kwa hiyo nilimwona asubuhi ya siku iliyofuata. Alitoka kwenye jengo lake, akaja, akaupita mlango wa nyuma, akafungua wa mbele. Akaketi kando yangu. Alishika kitambaa changu cha jikoni, kimefungwa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Hakusema kilichomo. Nilikuja kukifungua chumbani jioni: kasha lile lile, na ndani yake pilipili nyekundu mbili zilizokaushwa, zimebanwa zikawa bapa. Mpishi alizinusa, akasema watu hao wamelelewa.

Lakini asubuhi ile nilikiweka tu kando ya kiti nikawasha gari. Wimbo wa tatu.

"Nilimwambia nilivyopanga," Injinia alianza. "Nikalifungua kasha nimwonyeshe. Kulikuwa na CD."

"Ndiyo," nikasema.

"Ina namba saba."

"Ndiyo, bosi."

Binti aliitia kwenye redio ya jikoni bila kumwuliza. Zikaanza sauti za watu sita wanasema pole, na yangu aliitambua. Binti akamwuliza hawa ni nani, akamjibu ni watu wa nyumbani kwa dereva wake. Halafu ndoo zikaanza, na akajua ni wimbo gani.

"Nilitaka kutoka nitembee," alisema. "Lakini ilikuwa mvua. Na wewe hukuwepo kunifuata."

Basi akakaa. Kitana cha Mpishi kilipoingia binti yake alicheka mpaka akaketi sakafuni. Vigelegele vilipofika hakuwa anacheka tena. Wakakaa pale sakafuni wote wawili mpaka ikaisha, na chakula kikaungua.

"Anasema ubeti wa pili mmeukosea," aliongeza.

"Tutaurekebisha."

"Na anasema huo niliousikia ni wenu. Wake nimeuacha kwenye gari." Akavuta mkanda wa kiti, akaulegeza, akauvuta tena. "Ameniambia nikirudi nisitembee."

Tulikuwa tumefika barabara ya pembeni. Wimbo wa sita ukaisha. Mkono wangu, kwa mazoea, ulishawasha taa za hatari na gari likasogea pembeni lenyewe. Nikasimama. Nikafungua kufuli la mlango wake.

Hakushuka. Kodiani ikaanza, halafu ngoma, halafu sauti ya yule msichana peke yake, ambayo mimi nilikuwa nimeisikia labda mara mia mbili na yeye hajawahi. Alishika mkanda kwa mikono yote miwili. Sikumtazama. Nilitazama barabara, na nilikuwa nalia, na sikuwa nalia kwa ajili yake tu.

"Twende," alisema.

Nikaingia barabarani. Kwenye geti la saiti mlinzi alikuja mbio kuuliza tumeharibikiwa na nini, ndipo nikaona kwamba taa za hatari nilikuwa sijazizima.